UZI: Ujanja wa madalali wa viwanja na maofisa mikopo Dodoma, unavyofanyika na pa kuubana

Mpekuzi_wa_Hati

Wakuu, habari za leo. Tangu Serikali ihamie hapa, ardhi kuanzia Nala mpaka Ihumwa imevuta watu wa kila namna, na wengi wanaoumizwa ni watumishi waliohamishwa ambao bado hawajui Ilazo iko upande gani wa mji. Uzi huu ni wa kueleza hatua kwa hatua wizi unavyofanyika, ili mtu aujue kabla hajatoa hata shilingi. Wenye ujuzi wa upimaji, benki na sheria, karibuni muongeze.

Kwa tunaoshika makaratasi haya kila siku, jambo moja linajirudia: karibu kila wizi wa viwanja na rehani unasimama juu ya kuwatenganisha watu wawili waliopaswa kuonana. Mnunuzi na mwenye mali. Mkopaji na mthamini. Mke na fomu ya benki. Ukiona mtu anahangaika wasikutane, simamisha pesa hapo hapo.

Nianze na cha juu. Mwenye kiwanja Nzuguni anataka milioni 18. Dalali anakutajia 24 na kukuambia mwenye mali yuko safarini, ana hasira, hapendi kuongea na wateja. Ukilipa, milioni 6 inabaki kwake, halafu anachukua tena udalali kwa muuzaji. Watu wamezoea kusema "ndiyo kazi yao". Hapana. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inampa aliyemtuma wakala haki ya kudai faida ambayo wakala amejipatia kwa siri katika kazi ile ile. Udalali halali ni ule ambao pande zote mbili zinaujua kiwango chake.

Namna ya kuua cha juu ni rahisi: bei itamkwe na mwenye mali mwenyewe mbele yako, iandikwe kwenye mkataba kwa tarakimu na kwa maneno, na pesa iende benki kwenye akaunti yenye jina lile lile lililo kwenye hati. Dalali alipwe pembeni kwa risiti yake. Dalali akisema "nitumie mimi, nitampelekea", biashara imeishia hapo.

Pili, mikataba miwili. Anakushauri muandike wa milioni 24 wenu, na wa milioni 8 wa kupeleka Mamlaka ya Mapato (TRA). Kwanza ni kosa. Pili, hata ukiacha kosa, unajichimbia shimo. Ukitokea mgogoro, karatasi yenye mihuri inasema ulilipa 8. Na siku utakapouza kwa 30, faida yako kwenye makaratasi ni milioni 22 badala ya 6. Kodi ya ongezeko la mtaji kwa mkazi ni asilimia 10, kwa hiyo ni 2,200,000 badala ya 600,000. Isitoshe, uthamini unafanyika wakati wa uhamisho, na thamani iliyoidhinishwa ikizidi bei mliyoandika, hesabu inafuata thamani.

Hiyo kodi ya ongezeko la mtaji ni ya muuzaji. Ushuru wa stempu, asilimia 1, ni wa mnunuzi. Dalali mbaya hasemi lolote mpaka siku ya mwisho, kisha anakuambia yote yako. Andikeni kwenye mkataba nani analipa kipi.

Chikuyu_Mkongwe

Mkuu umeanza vizuri. Naongezea la Dodoma hasa, maana mikoa mingine hawana: makaratasi ya CDA.

CDA, yaani Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ilianzishwa 1973 na kuvunjwa Mei 2017, shughuli zake zikahamia halmashauri, ambayo leo ni Jiji. CDA ilikuwa inawapa watu mikataba ya miaka 33. Baada ya kuvunjwa, wenye mikataba hiyo waliruhusiwa kubadilisha wapate hati za miaka 99. Hapo katikati ndipo matapeli wamejenga kibanda. Wanachukua nakala ya mkataba wa zamani, au barua ya ofa ya CDA iliyofifia muhuri, wanakuuzia kwa maneno kwamba "kubadilisha ni wiki mbili tu".

Maswali ya kuuliza: je, mkataba ule ulishabadilishwa na hati mpya ikatoka kwa mtu mwingine? Je, mwenye ofa alilipia ada zote na kukubali masharti, au aliacha kiwanja kikagawiwa upya? Wizara inaita hali hiyo milki pandikizi, kiwanja kimoja wamiliki wawili, na hapa mjini ipo. Nakala haijibu swali hata moja kati ya hayo. Jibu liko kwenye jalada la kiwanja, Ofisi ya Ardhi.

Dada_Medeli

Samahani wakuu, huo upekuzi mtu wa kawaida anafanyaje? Dalali ananiambia ameshaufanya na ana picha kwenye simu.

Mpekuzi_wa_Hati

Dada, picha ya simu ya dalali usiiguse. Upekuzi unaombwa na yeyote, huhitaji ruhusa ya muuzaji. Unahitaji namba ya hati, au namba ya kiwanja, kitalu na eneo. Unajaza maombi kwa Msajili wa Hati, unapewa kontrol namba, unalipa benki au kwa simu. Pesa taslimu mkononi mwa ofisa hapana, hata akiwa mkarimu namna gani.

Majibu yakitoka soma haya: jina la mmiliki, muda wa umiliki na tarehe ulipoanza, matumizi ya ardhi, rehani iliyosajiliwa, zuio lolote, na amri ya mahakama kama ipo. Watu husoma jina tu wakaacha rehani. Muuzaji anaweza kuwa mmiliki halali kabisa na nyumba iko benki tangu zamani.

Fanya upekuzi mara mbili, kabla ya kishika uchumba (malipo ya awali) na tena asubuhi ya kulipa. Kati ya siku hizo mbili mtu anaweza kuweka rehani.

Pia omba bili ya pango la ardhi. Deni la pango linafuata kiwanja.

Bikoni_Nne

Upande wa upimaji. Ujanja mkubwa hapa ni kukuonesha kiwanja kimoja na kukuuzia kingine. Unapelekwa Iyumbu, unaoneshwa kona nzuri karibu na barabara, namba kwenye karatasi ni ya kiwanja kilicho kwenye korongo. Ukirudi na fundi wa msingi, mwenye kona anakuuliza unatafuta nini.

Omba ramani ya upimaji, yenye majiranukta, yaani namba za mahali, ya kila bikoni (jiwe la mpaka). Hapa niwe makini, kwa sababu ndipo watu wanapochanganywa. Ramani zetu nyingi zimechorwa kwa mfumo wa majiranukta uitwao Arc 1960, simu yako inatumia mfumo mwingine, WGS 84. Ukizijaza namba za ramani kwenye simu moja kwa moja, kiwanja kitatokea karibu mita 300 kutoka pale kilipo. Dalali anayejua hili atakuambia "unaona, simu inakosea, twende ninapokuonesha mimi". Wengine hufanya kinyume: simu ikielekeza pasipo sahihi lakini pazuri, wanakubali upesi. Weka kwanza mfumo sahihi kwenye programu. Jiji lenyewe liko kanda ya ramani (UTM) ya 36 Kusini, ila mstari wa nyuzi 36 Mashariki unapita huku upande wa Chamwino, kwa hiyo ukielekea huko angalia ramani imetumia kanda ya 36 au ya 37.

Hata ukiipata sawa, simu ina kosa la mita kadhaa. Inatosha kukuambia kama uko kwenye kitalu sahihi, haitoshi kukuambia mpaka uko wapi. Mpaka unaoneshwa na mpima aliyesajiliwa kwa kifaa chake, nawe umesimama pale. Mpima umtafute mwenyewe, asije na dalali. Akute bikoni zote zenye namba zinazolingana na ramani, apime pande zote, akupe ukubwa kwa mita za mraba. Kiwanja cha mita za mraba 600 kuuzwa kama 900 ni jambo la kawaida, kwa sababu macho hayapimi. Na bikoni ikiwa imeng'olewa au saruji yake ni mbichi kuliko nyingine, uliza nani kaisogeza. Kuchezea bikoni ni kosa la jinai.

Kisha barabara. Kwenye barabara kuu na za mkoa hifadhi ya barabara, eneo lisiloruhusiwa kujengwa, ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Mtu anakuuzia "fremu za biashara, mbele ya lami" na nusu ya kiwanja imo ndani ya hifadhi. Barabara ya mzunguko ya nje ina kilomita 112.3, na jina lake limetumika mno kuuzia mashamba. Kuna wanaouza vipande vilivyokwishafanyiwa uthamini wa fidia, mwenyewe akisubiri kulipwa na huku anakuuzia wewe. Uliza kwenye serikali ya mtaa kama kuna daftari la fidia, kisha thibitisha Jiji.

Kingo za mito usisahau. Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60. Mito yetu ni ya msimu, Agosti ni mchanga mkavu, na viwanja vya mabondeni vinauzwa sana kiangazi.

Mwana_Nkuhungu

Nakazia hiyo ya kiangazi. Mnunuzi aende Machi akaangalie maji yanapita wapi.

Niulize la mtaani: mwenyekiti anadai asilimia 10 ya mauzo ndiyo apige muhuri. Ni halali?

Wakili_Kijana

Ndugu, hakuna kifungu cha Sheria ya Ardhi kinachompa mwenyekiti asilimia 10 ya mauzo ya mtu. Ofisi ya mtaa inaweza kuwa shahidi kwamba muuzaji anafahamika pale, na kama halmashauri imeweka ada inalipwa kwa risiti ya serikali. Pesa isiyo na risiti ni rushwa. Ubaya wake mkubwa ni kwamba mwenyekiti aliyeahidiwa asilimia 10 hana sababu ya kukuambia kiwanja kina kesi. Aliyepaswa kuwa jicho lako amekuwa mshirika wa muuzaji.

Muhuri wa mtaa hauhamishi umiliki. Kwa kiwanja chenye hati, uhamisho ni Fomu Na. 29 ya taarifa, Na. 30 ya maombi ya kibali, na Na. 35 ambayo ndiyo hati ya uhamisho yenyewe, zikiwa na picha na saini mbele ya wakili au kamishna wa viapo, kisha usajili. Mpaka jina lako lisajiliwe, kwa Msajili mwenye mali ni yule yule.

Muuzaji akiwakilishwa, dai hati ya uwakilishi iliyosajiliwa, na umpigie aliyeitoa kwa video akiwa na kitambulisho. Mwenye mali akiwa marehemu, dai barua ya mahakama ya usimamizi wa mirathi, na jina la msimamizi liingie kwenye hati kwanza. "Watoto wote wamekubali" haitoshi, kwa sababu siku zote kuna mmoja hakuulizwa.

Ukienda nje ya mji, vijiji vya Chamwino na Bahi, ujue umeingia ardhi ya kijiji, sheria nyingine: Na. 5 ya 1999. Huko halmashauri ya kijiji ndiyo yenye kibali, na dalali anayekuambia shamba la kijiji "lina hati kama za mjini" ama hajui ama anadanganya.

Dawati_la_Mikopo

Nashukuru kwa uzi. Nizungumzie benki na taasisi za mikopo, huko madhara ni makubwa zaidi kwa sababu nyumba nzima inaondoka.

Udanganyifu wa kwanza ni wa uthamini. Mthamini anatoa namba mbili: thamani ya soko, na thamani ya mauzo ya lazima ambayo ni ndogo zaidi. Ofisa mikopo mbaya ana mthamini wake. Akitaka mkopo upite ili apate asilimia yake, thamani inapandishwa: pagale la Michese linaandikwa kama nyumba iliyokwisha. Unapewa mkopo mkubwa kuliko uwezo wako, yeye anachukua chake mwanzoni, wewe unabaki na marejesho. Ujue wathamini wana sheria yao, Na. 7 ya 2016, na bodi ya kuwasajili. Ripoti lazima iwe na jina, saini na namba ya usajili. Wewe ndiye unayeilipia, kwa hiyo dai nakala. Anayekunyima nakala ya ripoti uliyoilipia anaficha namba.

Pili, "asante". Ofisa anasema faili limekwama, toa asilimia 5 lisogee. Makato halali ya benki yote yameandikwa kwenye barua ya ofa ya mkopo: ada ya uchakataji, bima, uthamini, usajili wa rehani. Kitu kisichokuwemo hakidaiwi. Bima hasa iangalie. Unakatwa bima ya maisha na ya moto kila mwaka, dai cheti. Pasipo cheti, siku ya msiba familia haina cha kuonesha.

Tatu, fomu tupu. "Saini hapa, nitajaza mwenyewe, una haraka." Usisaini mstari mtupu. Piga msalaba kwenye nafasi zote zisizotumika.

Nne, dhamana ya mtu mwingine. Ndugu anakuomba hati "kwa miezi mitatu tu", ofisa anakuambia wewe ni shahidi. Saini yako kwenye hati ya rehani inaifanya nyumba yako ijibu deni la mwingine, na kiasi kinaweza kuongezwa baadaye kama masharti yanaruhusu. Soma kiwango cha juu cha deni kilichoandikwa.

Tano ni riba, na hii nataka niieleze kwa hesabu. Mkopo wa milioni 30, miaka mitatu, "asilimia 18".

Kwa salio linalopungua, rejesho ni kama 1,084,600 kwa mwezi. Jumla utalipa karibu milioni 39.04, riba ni milioni 9.04.

Kwa riba ya mkupuo, yaani asilimia 18 ya milioni 30 nzima kila mwaka hata ukishalipa nusu, riba ni milioni 16.2. Rejesho ni 1,283,333, jumla milioni 46.2.

Tofauti ni zaidi ya milioni 7 na tangazo ni lile lile la asilimia 18. Hiyo ya mkupuo, ukiigeuza kuwa ya salio linalopungua, ni kama asilimia 30 na nusu kwa mwaka. Swali ni moja tu: "Nipe jedwali la marejesho la miezi yote 36." Safu ya riba ikiwa inashuka kila mwezi, ni salio linalopungua. Ikibaki namba ile ile mwanzo mpaka mwisho, ni mkupuo.

Dada_Medeli

Asante sana kaka. Na mume akiweka nyumba rehani bila mke kujua?

Wakili_Kijana

Dada, Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inazuia nyumba ya ndoa kuuzwa au kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenza. Sheria ya Ardhi, kifungu cha 114, inarudia hilo na kumpa mkopeshaji wajibu wa kuchukua hatua za kuridhisha kujua kama mwombaji ana mwenza.

Ujanja unaofanyika: mume anaapa kiapo cha kutokuwa na ndoa, au anamleta mwanamke mwingine asaini, na ofisa anayejua ukweli anakaa kimya. Anayedanganya kwa kiapo kuhusu kuwepo kwa mwenza anakabiliwa na faini isiyopungua nusu ya thamani ya mkopo, au kifungo kisichopungua miezi 12. Ofisa makini anafika nyumbani, anaonana na mke ana kwa ana na kumuuliza bila mume kuwa karibu. Mke anayehofia anaweza kuweka zuio kwa Msajili kabla ya lolote kutokea. Usingoje mnada.

Nyundo_ya_Haki

Mmefika kwenye mnada, ngoja niseme. Hapa ndipo ofisa na dalali wa mnada wanapokula pamoja.

Mkopaji akishindwa kulipa, anapewa notisi ya siku 60 ya kurekebisha. Kabla ya mnada wa ardhi, tangazo la hadhara lisilopungua siku 14. Wanachofanya: notisi inapelekwa anwani ya zamani, tangazo linabandikwa pasipo na watu, siku ya mnada mnunuzi ni mmoja na ameshapangwa.

Mkopeshaji ana wajibu wa kutafuta bei nzuri inayopatikana. Kifungu cha 133 cha Sheria ya Ardhi kinasema nyumba ikiuzwa asilimia 25 au zaidi chini ya wastani wa bei za mali kama hiyo sokoni, inachukuliwa kwamba wajibu huo umevunjwa, na kazi ya kuthibitisha vinginevyo ni ya mkopeshaji. Nyumba za aina yako Kisasa zikiuzwa kwa wastani wa milioni 80, basi milioni 60 kushuka chini unayo hoja mahakamani. Ila uwe na ushahidi wa bei za jirani, na uende mapema. Ukishapita mnada na mnunuzi aliyenunua kwa nia njema akasajiliwa, mara nyingi unachobaki kudai ni fidia.

Ziada nayo ni yako. Deni milioni 35, nyumba imeuzwa 62, baada ya gharama inayobaki inarudi kwa mkopaji. Dai mchanganuo kwa maandishi, kila gharama na risiti yake. "Gharama za ukusanyaji" zisizo na risiti ndizo hula ziada yote.

Mpangaji_UDOM

Vyumba vya kupanga je? Dalali anachukua mwezi mmoja na pesa ya kuzungushwa.

Mpekuzi_wa_Hati

Mwezi mmoja ni mazoea, kubalianeni kabla. Usilipe kodi kwa dalali, mlipe mwenye nyumba mkisaini mkataba ndani ya chumba chenyewe ukiwa na ufunguo. Chumba kimoja kukusanyiwa kodi ya miezi sita kutoka kwa watu watatu kinatokea hasa vyuo vikifunguliwa na wakati wa Bunge.

Mwana_Nkuhungu

Mtu akishaibiwa aanzie wapi? Wengi wanazunguka tu.

Wakili_Kijana

Inategemea nani kakuumiza.

Dalali wa viwanja hana bodi ya kumfutia usajili kama walivyo wathamini, wapima na mawakili, kwa hiyo njia ni polisi: kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu, na kughushi kama kuna hati bandia. Siku hiyo hiyo andika kwa Msajili kuomba kuweka zuio kwenye kiwanja, kisiuzwe kwa wa tatu. Ofisa wa umma au wa benki aliyeomba rushwa, TAKUKURU, simu 113 bila malipo, na piga kabla hujatoa pesa ili wamkamate nayo. Benki, anza kwa barua kwenye tawi yenye muhuri wa kupokelewa. Wasipokujibu au wakikujibu vibaya peleka kwenye dawati la malalamiko la Benki Kuu, ofisi zipo hapa Dodoma. Mgogoro wa umiliki unaenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kwa mali isiyozidi thamani ya milioni 300, zaidi ya hapo Mahakama Kuu. Baraza la Kata siku hizi linasuluhisha tu, tangu mabadiliko ya 2021, halitoi hukumu.

Nenda na mkataba, miamala ya benki au ya simu iliyochapishwa na muhuri, majibu ya upekuzi, na mazungumzo ya simu. Usiyafute, na usibadilishe simu kabla hayajachukuliwa.